Morisi: Hija ya Ganga Talao na Wageni Waliogeuka Wenyeji

Mkazi wa Bujumbura akisimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika yuko juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko hujaji wa Kihindu aliyekwisha kufika mwisho wa upandaji wake kule Morisi. Ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi; Ganga Talao, ziwa takatifu la kisiwa hicho, liko kwenye mita 550. Kilele kinachopita vyote nchini humo, Piton de la Petite Rivière Noire, kina mita 828, na mtu wa Mugongo-Manga, aliyezoea kuuona Heha ukivuka mita 2,600, angekiita kilima kwa adabu tu. Nchi yenyewe ni ndogo vivyo hivyo: kilomita za mraba 2,040, yaani Burundi ingeimeza mara kumi na tatu, ingawa watu wake, milioni moja na robo hivi, wamebanana kuliko sisi. Huku kwetu Morisi inajulikana kwa fukwe, mahoteli na benki. Anayetaka kuielewa hana budi kuipa bahari kisogo na kupanda uwanda wa katikati mwezi wa Februari au Machi, zinapofika siku za Maha Shivaratri, usiku mkuu wa Shiva. Nitajaribu kuonyesha kwamba barabara ya mahujaji wale ndiyo inayoeleza jinsi nchi isiyokuwa na wenyeji ilivyowapata, na pia jinsi baadhi ya watu wake walivyobaki mlangoni.

Wenyeji wa asili hawakuwapo kabisa. Waholanzi waliotia nanga mwaka 1598 walikuta msitu, kobe na ndege aitwaye dodo. Wakakipa kisiwa jina la mtawala wao, Maurice wa Nassau, na kufikia mwaka 1710 walikuwa wamekiacha. Wafaransa walikitwaa mwaka 1715, na katika miongo iliyofuata wakakijaza watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji na mwambao wa Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hapaswi kulisahau anaposikia Morisi ikiitwa India ndogo. Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1810. Utumwa ulipofutwa tarehe 1 Februari 1835, wenye mashamba ya miwa walikuwa wameshatafuta mikono mingine: tarehe 2 Novemba 1834 meli ya Atlas ilikuwa imeteremsha Port Louis vibarua 36 kutoka India. Karibu nusu milioni waliwafuata hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi hawakurudi kwao. Kituo walichopokelewa, Aapravasi Ghat, kimo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006.

Kibarua huyo hakuwa mtumwa, lakini miguu yake haikuwa yake. Mkataba ulimfunga kwenye shamba kwa miaka, na asipofika kazini siku moja alikatwa ujira wa siku mbili. Sheria ya mwaka 1867 ilimtaka hata aliyekwisha kumaliza mkataba atembee na kibali chenye picha yake; akikamatwa bila kibali alihesabiwa mzururaji, akafungwa. Malalamiko ya vibarua, yaliyoandikwa mwaka 1871 kwa msaada wa mzungu mmoja mwenye shamba, Adolphe de Plevitz, ndiyo yaliyoleta tume ya kifalme kutoka London mwaka uliofuata. Ukiyajua hayo, kilichotokea kizazi kimoja baadaye hukichukulii kama ngano ya dini tu. Mwaka 1897 kuhani wa kijiji cha Triolet, kaskazini mwa kisiwa, Jhummon Giri Gosagne, aliota ndoto ya ziwa lililofichwa milimani kusini, ambalo maji yake yameungana na ya mto Ganga. Mwaka 1898 kundi la kwanza likaenda kulitafuta kwa miguu, likikatiza mashamba na misitu. Watu ambao wazazi wao waliweza kufungwa kwa kutembea tu, sasa walikuwa wakiivuka nchi yote kwa hiari yao, kwa kazi isiyomfaidia mwenye shamba hata senti. Wengi hudhani haki ya kuwa mwenyeji huanzia kwenye hati ya ardhi au kura. Kwa vibarua hawa ilianzia katika kuijua njia.

Leo njia hiyo ni lami, na mwendo wake ni wa siku kadhaa kwa wanaotoka mbali. Mahujaji, mamia kwa maelfu, huvaa nyeupe. Vikundi vya vijana hubeba au kusukuma kanwar, majengo ya mianzi yaliyopambwa kwa karatasi, vioo na sanamu za miungu, waliyoyaunda kwa wiki nyingi vijijini. Wanapita kwenye miji ya uwanda wa juu, kisha kwenye mashamba ya chai ya Bois Chéri, ambako ukungu na baridi vingemkumbusha msomaji wetu milima ya Teza. Ziwani wanafanya ibada, wanateka maji, na kurudi nayo makwao kuyamimina juu ya jiwe la Shiva katika hekalu la kijiji. Kando ya barabara kuna meza za maji, matunda na chakula cha bure, na wanaozihudumia si Wahindu peke yao. Serikali nayo ipo: Maha Shivaratri ni sikukuu ya taifa, na mawaziri hufika kuonekana. Sanamu ya Shiva yenye urefu wa mita 33 imesimama mlangoni tangu mwaka 2007, na ya Durga, ya kimo hicho hicho, iliongezwa baadaye. Kwa macho yangu sanamu hizi zinalipunguzia ziwa zaidi ya kuliongezea. Na majigambo ya ukubwa yana gharama: Machi 2024 kanwar iligusa waya wa umeme, ikawaka moto na kuua watu sita, baada ya miaka mingi ya maonyo juu ya kimo cha majengo hayo.

Kuna atakayesema kwamba patakatifu pasipofikisha hata karne moja na nusu si patakatifu, na kwamba ziwa lililozaliwa katika ndoto, kisha likamiminiwa maji ya Ganga kutoka India mwaka 1972 kana kwamba linatiwa muhuri, haliwezi kulinganishwa na hekalu la Kedarnath la Himalaya, kwenye mita zaidi ya 3,500. Pingamizi hili Mrundi hapaswi kuliharakia. Mugera, ambako maelfu hupanda kwa heshima ya Bikira Maria, ilianza kama misheni ya Mapadri Weupe mwaka 1899, yaani mwaka mmoja tu baada ya hija ile ya kwanza ya Triolet. Pale Gikungu, juu ya jiji letu, Wakatoliki hupanda Mlima Sayuni kusali katika kanisa dogo lililojengwa kwa mfano wa lile la Schoenstatt, Ujerumani, ambako vuguvugu la Kikatoliki lenye jina hilo lilianza mwaka 1914. Hakuna anayewaambia kwamba sala zao ni za bandia kwa sababu ukuta una asili ya ng'ambo. Hata Buyenzi, ambako Kiswahili hiki kina nyumba yake hapa mjini, ni mtaa uliokuzwa na watu waliotoka kwingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na sitalimaliza. Kusini magharibi mwa kisiwa kuna mlima mwingine, Le Morne, wenye mita 556, ambako watumwa watoro walijificha. Masimulizi yanasema baadhi walijirusha kutoka kileleni walipowaona askari, wasijue kwamba walikuwa wakiletewa habari ya uhuru. Mlima huo nao uliingia katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka 2008, miaka miwili baada ya kituo cha Wahindi. Tarehe 1 Februari na 2 Novemba zote mbili ni sikukuu za taifa. Kwenye karatasi mizani imesawazishwa. Lakini wajukuu wa vibarua walipata idadi, kura na waziri mkuu wa kwanza wa nchi huru mwaka 1968, Seewoosagur Ramgoolam. Wajukuu wa watumwa, Wakrioli, walipata sehemu ndogo ya ardhi na ya ofisi za serikali, na mwaka 1999 mwanamuziki wao Kaya alipofia mikononi mwa polisi, mitaa iliwaka moto. Hapa msomaji wa Burundi, aliyezoea hesabu ya sitini kwa arobaini iliyotokana na Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, ataona jambo analolijua. Katiba ya Morisi hugawa watu katika Wahindu, Waislamu, Wachina na kundi la wengineo, kisha huongeza bungeni hadi viti vinane ili kusawazisha makundi. Mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana wake wa Kifaransa wamo katika kundi moja, hilo la wengineo.

Je, hili halibomoi hoja yangu? Linaipunguza tu. Ganga Talao iliwafanya Wahindu kuwa wenyeji. Haikuahidi kuwafanyia hivyo wengine, na wanaoitaja kama alama ya umoja wa taifa zima wanaitwisha mzigo usio wake. Kama kuna mwendo wa miguu unaochanganya watu kweli, ni ule wa usiku wa kuamkia tarehe 9 Septemba, wanapokwenda Sainte-Croix, kando ya Port Louis, kwenye kaburi la Père Laval, padri Mfaransa aliyefika mwaka 1841 akawahudumia watumwa walioachwa huru hadi alipofariki mwaka 1864. Huko Wakatoliki, Wahindu na Waislamu hupanga foleni moja. Viti vinane vya bunge, kwa upande wake, bado hugawanywa kwa sensa ya mwaka 1972, kwa kuwa tangu wakati huo serikali haijawahesabu tena watu kwa makundi yao.