Mto Pangani na Elimu ya Mainjinia Wetu

Maji ya Mto Pangani hufanya kazi ya umeme mara tatu kabla hayajaingia baharini. Yakiteremka kutoka Kilimanjaro na Meru hukusanywa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na hapo huendesha mitambo ya megawati 8. Yakifika Hale huzamishwa chini ya ardhi na kuendesha mitambo mingine ya megawati 21. Kisha, mwendo mfupi chini ya Hale, kwenye maporomoko ya Pangani, maji yale yale huzungusha mitambo miwili iliyofunguliwa mwaka 1995, kila mmoja wa megawati 34. Watu wa Tanga, mjini na katika mashamba ya mkonge, wameujua umeme wa mto huu tangu miaka ya 1930.

Swali letu leo, ndugu msomaji, si mto una nguvu kiasi gani. Twauliza ni nani anayefundishwa kuijua mitambo hiyo, na anafundishwa wapi.

Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi jambo hili halikuwa mikononi mwetu. Tangu mwaka 1932 kampuni ya umeme ya Tanganyika ilitawaliwa na East African Power and Lighting, kampuni yenye makao yake Nairobi. Mwaka 1964 Serikali ilinunua hisa zile, na mwaka huo huo kituo cha Hale kikaanza kazi. Mali ikawa yetu. Lakini kijana wa Korogwe au Muheza aliyetaka kuwa injinia wa umeme hakuwa na chuo kikuu cha kumfundisha kazi hiyo katika nchi yake. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki masomo ya uinjinia yalikuwa Nairobi. Hisa zilirudi nyumbani, na elimu ikabaki ng'ambo ya mpaka. Mpaka mwaka 1973 ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, kilipofungua kitivo chake cha uinjinia pale Mlimani, na umeme ukawa miongoni mwa masomo yake ya kwanza.

Mwaka uliofuata, 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengine hulisimulia jambo hilo kama kichekesho. Sisi hatulicheki. Mashine ya hesabu katika Wizara ya Fedha ilikuwa imeleta hasara na fujo, na watu wa kuielewa hawakuwapo wa kutosha. Amri ile ilitukawiza kwa miaka mingi, hilo hapana shaka. Lakini ilionyesha wazi kuwa anayenunua mashine bila ya kuwa na mtu wa kuifungua na kuitengeneza amejinunulia mzigo. Leo kompyuta ina chuo chake ndani ya Chuo Kikuu hicho: mwaka 2011 kilianzishwa chuo cha teknolojia ya habari na mawasiliano huko Kijitonyama, na humo ndimo wanamofundishwa mainjinia wa kompyuta na wa mawasiliano.

Miongoni mwa kazi za watafiti wa Chuo Kikuu imo moja inayomhusu kila mwenye taa nyumbani. Waya mkubwa utokao kituoni hulindwa na vyombo vinavyotoa habari papo hapo ukipatwa na hitilafu. Lakini waya mdogo, ule utokao kwenye transfoma ya mtaani kuja majumbani, ni bubu. Ukikatika usiku, kampuni hujua pale tu mteja anapopiga simu, na fundi hutoka na gari kwenda kuitafuta hitilafu nguzo kwa nguzo. Watafiti hao wanatafuta njia ya kuzipa nyaya hizo vipimo na kompyuta ndogo, ili zenyewe ziseme zimeumia wapi. Kazi hii haina fahari ya bwawa kubwa; lakini mwulize mwenye mashine ya kusaga au muuza samaki mwenye jokofu ni ipi aipendayo kwanza.

Tena tuangalie namna ya kufundisha. Injinia hafanywi na ubao peke yake. Kwenye karatasi mtambo wa maji ni mstari na tarakimu. Huko kituoni ni beringi inayopata moto, mchanga unaoyatafuna mapanga ya gurudumu, na kidhibiti kinachopaswa kufungua maji zaidi kila mji unapowasha taa, ili mwendo usishuke chini ya mizunguko 50 kwa sekunde. Fundi aliyekaa miaka ishirini kando ya mashine husikia kwa sikio kwamba jambo limeharibika. Mwanafunzi aweza kueleza kwa hesabu kwa nini limeharibika. Kila mmoja ana nusu ya elimu. Kwa hiyo ni vema kwamba mafunzo ya kazini ni sehemu ya masomo ya uinjinia; lakini majuma machache ya kusimama nyuma ya fundi na kuandika daftari hayatoshi.

Juu ya mto huu mfano umekwisha kuonekana. Kule Hai, kwenye Mto Kikuletwa, ambao maji yake huingia Nyumba ya Mungu, kilikuwapo kituo kidogo cha umeme kilichofungwa zamani. Kituo hicho kilikabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha ili kiwe mahali pa kufundishia na kuchunguza nguvu za maji. Basi kichwa cha mto kina shule, na mkia wake, uliobeba mitambo mikubwa zaidi, hauna ya namna hiyo. Hata hivyo Tanga haina uhaba wa mambo ya kuchunguza. Hale hiyo hiyo ndiko kampuni ya Katani ilikojenga mtambo wa kutoa gesi na umeme katika takataka za mkonge, na wataalamu wa vijidudu wa Dar es Salaam wamezichunguza takataka hizo kwa miaka mingi. Mjini ipo shule ya ufundi ya sekondari, moja ya zile kongwe nchini, ambayo vijana wake wangeweza kufika Hale asubuhi na kurudi jioni.

Atatokea mtu aseme: vituo vyote vitatu vya Pangani havifiki megawati 100, na kule Rufiji bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, kwa nini tuhangaike na vidogo? Twajibu kwamba mashine inayobeba nchi nzima haifunguliwi ili mwanafunzi ajifunze. Huifungui ila kwa hofu. Mashine ndogo na kongwe hufunguliwa, hupimwa, hukosewa na kurekebishwa. Kila mtambo wa Hale unaposimamishwa kwa matengenezo, ndio wakati wa kuwaita walimu wa Mlimani waje na wanafunzi wao na vipimo vyao, wakae mpaka siku utakapowashwa tena, na mafundi wa Hale wawe walimu pamoja nao.