Kambare wa Rukwa (2): Nyumba ya Wenye Ndevu

Husemwa kwamba nyumba ya kambare kila mtu ana ndevu: baba, mama, hata watoto. Anayesema hivyo huwa analalamikia nyumba isiyo na adabu, ila kuhusu samaki mwenyewe amesema kweli tupu. Ndevu ni nane, na kitoto kisichofika urefu wa kidole tayari kinazo. Katika tope la Ziwa Rukwa jicho lile dogo halina kazi kubwa. Ndevu ndizo zinazopapasa na kuonja.

Juma lililopita tulilieleza ziwa: halina mto wa kutokea, kina chake ni kifupi, na karne iliyopita liliwahi kupungua hadi likagawanyika vipande viwili. Samaki anayeyaweza maji ya namna hiyo wataalamu humwita Clarias gariepinus. Jina la pili alipewa na Mwingereza William Burchell mwaka 1822, kutokana na Mto Orange, ambao wenyeji wake huuita Gariep. Kwa hiyo kambare wa Kamsamba anatembea na jina la mto wa Afrika Kusini.

Sokoni Vwawa wengi humjua akiwa mkavu, mweusi kwa moshi, amekunjwa mkia ukagusa mdomo. (Wasabato humpita bila kuuliza bei, kwa kuwa hana magamba.) Vitabu vinampa hadi mita 1.7 na kilo 60. Wa sokoni hazidi urefu wa mkono. Ukimpata mbichi, omba apasuliwe kichwa, na panga liwe kali. Juu ya matamvua utaona kitu chekundu chenye matawi, mfano wa kimti. Hicho ndicho kinachovuta hewa ya juu. Ndiyo maana kwenye beseni hupanda, akagusa uso wa maji, akashuka tena. Ngozi ikiwa na unyevu, hata nchi kavu huvuka, akijikongoja kwa miiba ya mapezi.

Masika yakijaza mabonde, huingia usiku kwenye nyasi zilizofurika. Jike hunatisha mayai majanini, na maji yakiwa na joto huanguliwa kwa siku moja au mbili. Wazazi wamekwisha kurudi zao. Hapo msemo wetu umekosea: nyumba ya kambare haina baba wala mama.

Usiku huohuo wavuvi hutega migono kwenye vijito anakopitia. Siwalaumu kwa kujua kalenda yake, lakini jike anayenaswa akipanda, tumbo limejaa, ameuzwa pamoja na samaki wa mwakani.

(Itaendelea)