Maziwa Yako, Ng'ombe wa Mwenyewe

Mzee hakutuma salamu kwamba anakuja. Alitokea asubuhi, fimbo begani, akasimama nje ya tembe na kuita, "Mbukwenyi!" Akaitikiwa, akapewa kigoda, akaletewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alikunywa taratibu huku macho yakitembea zizini. Aliwahesabu ng'ombe bila kunyoosha kidole, na mmoja hakumwona. Mwenyeji hakungoja aulizwe. Alishusha ngozi kavu kutoka kwenye paa bapa la udongo, akaikunjua mbele ya mgeni. Sikio lilikuwa bado limo, na mkato wa alama ulionekana. Mzee akaupapasa kwa kidole gumba, akarudia kibuyu chake, mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Huku Manyoni, magharibi ya Ugogo, kutunza ng'ombe wa mtu mwingine ni desturi ya zamani. Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo na kuchapisha kitabu juu ya ng'ombe na ukoo wao mwaka 1969, aliiandika kwa kirefu. Chanzo chake ni nchi yenyewe. Mvua ni ya msimu mmoja, na mwaka inapokata mapema uwele hukaukia shambani. Mwenye mifugo mingi hailazi yote katika zizi moja: maradhi yakiingia hapa, kule watasalia. Basi humpelekea huyu watano, yule wanane. Anayepokea hunywa maziwa, hutia samadi kwenye shamba lake la mtama, na ng'ombe akifa hula nyama na kutunza ngozi iwe ushahidi. Ndama ni wa mwenyewe. Mwenyewe akiridhika, baada ya miaka kadhaa humzawadia mtunzaji mtamba mmoja.

Hakuna anayemwona mtunzaji kuwa mtumwa, wala mwenye ng'ombe kuwa mnyonyaji. Watoto wanakunywa maziwa; hilo si dogo. Lakini mtunzaji anajua mpaka wake: ng'ombe wale hawezi kuwauza, wala kuwatolea mahari. Siku mwenyewe akija na fimbo na kusema nawahitaji, zizi linabaki na alama za kwato za juzi.

Nilimkumbuka mzee yule mwisho wa mwezi mmoja, nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati. Muuguzi alikuwa amefungua vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, anajumlisha vijistari: wajawazito waliohudhuria, watoto waliochanjwa, malaria. Jumla zile huenda wilayani, na huko huingizwa kwenye DHIS2, programu ambayo nchi nyingi za Afrika hukusanyia takwimu za afya. Kazi yake huratibiwa Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanya kwa miaka mingi. Fedha zimetoka kwa wafadhili, wakiwamo Norad, shirika la misaada la Norway, na Mfuko wa Dunia. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuugawa.

Uhuru huo unafanana na desturi yetu nyingine, pombe ya kulima. Mwenye shamba huvumbika kimea, hupika, huita majirani, nao huja na majembe. Aliyepika hana amri juu ya aliyekuja. Asiyependa hutia jembe begani akaenda zake, na wiki ijayo mpishi naye atakuwa kwenye ngwe ya mwingine. Programu huria nyingi zilianza kwa majembe ya namna hiyo. Siku hizi pombe hupikwa na makampuni. Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, kwa sehemu kubwa huandikwa na watu wanaolipwa mishahara na makampuni yanayoshindana. Nadhani kushindana kwao ndiko kunakoilinda. Anayetunza ng'ombe wa wenyewe watatu halali njaa mmoja akija kuwachukua wake.

Katika programu za wafadhili pia, ndama ndiye wa kuulizia mapema. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa fedha za Sida, shirika la misaada la Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia mahesabu kwa Kiswahili. OpenOffice yenyewe ilikuwa chini ya kampuni ya Sun. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, na mwezi Septemba mwaka huohuo sehemu kubwa ya waliokuwa wakiifanyia kazi waliondoka na msimbo wakaanzisha LibreOffice. Leseni iliwaruhusu. Jina lilibaki kwa Oracle, ndama walitoka.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, DATIM, mfumo wa takwimu wa mpango wake wa UKIMWI, PEPFAR, ulizimwa. Ulikuwa umejengwa juu ya DHIS2 ileile. Lakini DHIS2 haikufa nao, kwa sababu wizara zilizokuwa na mifumo yao ziliendelea kuingiza takwimu. Aliyekuwa wa mwenyewe alichukuliwa, wa nyumbani akabaki.

Hata hivyo ndama peke yake hashibishi. Anataka malisho, maji na mtu wa kuamka naye alfajiri. Seva inataka umeme, na kijana anayejua kuirekebisha anataka mshahara wa kumtosha asihamie kwingine. Leseni humlinda ndama, mchungaji haimlishi. Kwa hiyo sioni sababu ya kumfukuza mfadhili mlangoni. Maziwa yapokelewe, mbele ya mashahidi, alama za masikio zikijulikana tangu siku ya kwanza, na sehemu ya nguvu tunayoipata kwenye maziwa hayo iende kufuga wa kwetu.

Mzee alipoondoka, mwenyeji alinivuta hadi pembeni mwa zizi. Palikuwa na mtamba mwekundu aliyepewa miaka miwili nyuma. Sikio lake lilikuwa na mkato mwingine, na tumbo lilikuwa limeanza kujaa.