Usimtishe Mtoto kwa Sindano

Mama mpendwa, je, umewahi kumwambia mwanao, "Ukiendelea kulia nitamwita nesi akuchome sindano"? Wengi wetu tumesema hivyo. Hata mimi niliye nesi nimewahi kusema.

Siku moja huko Mbagala, mama alimleta kliniki mtoto wa miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Mtoto aliponiona tu na gauni langu jeupe, alipiga kelele akamng'ang'ania mama yake. "Sista," mama akasema, "siku hizi hata buchani siendi naye. Akimwona muuza nyama na koti jeupe, ni kilio."

Muuza nyama hajamchoma sindano! Lakini mtoto huyo alichomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, tena miezi 9, na kila mara aliyemchoma alivaa nguo nyeupe. Hofu ikatoka kwa nesi, ikahamia kwa kila avaaye nyeupe. Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, John Watson na Rosalie Rayner, walieleza jaribio kama hilo. Mtoto wa miezi 11, waliyemwita Albert, alipomgusa panya mweupe, walipiga chuma kwa nyundo nyuma yake. Akamwogopa panya, kisha sungura, mbwa, hata koti la manyoya. Lilikuwa jaribio la kikatili, leo lisingeruhusiwa.

Lakini hofu iliyofundishwa yaweza kuondolewa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza habari za mtoto Peter, aliyeogopa sungura. Peter alipokuwa akila chakula akipendacho, sungura aliwekwa mbali, kisha akasogezwa kidogo kidogo. Mwishowe Peter alimshika kwa mikono yake.

Nawe fanya hivyo nyumbani:

- Usitumie nesi, daktari wala sindano kama fimbo ya kumtisha mtoto.
- Usimdanganye kwamba hachomwi. Mwambie, "Itauma kidogo, nami nitakushika."
- Anayenyonya, mnyonyeshe wakati wa chanjo. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo.
- Mpeleke kupimwa uzito hata siku isiyo ya sindano, ajue kliniki si maumivu tu.
- Kama anaogopa bucha, simameni mbali naye akila chungwa lake. Siku nyingine sogeeni kidogo. Usimburute.

Mama, jambo hili si dogo. Mwanangu alipokuwa na miaka 7, alificha homa siku mbili. Alijifunika shuka akasema amechoka tu. Tulipogundua, malaria ilikuwa imeshapanda, akalazwa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mama, ulisema nesi atanichoma." Maneno yangu mwenyewe! Nililia kando ya kitanda chake, nikamwomba msamaha. Alipona, lakini mimi sikusahau.

Kama hofu inavyohama, imani nayo huhama. Mtoto aliyepokewa kwa upole na nesi mmoja humkaribia wa pili bila woga. Basi, leo mtoto akilia, mbembeleze. Siku atakapougua, aje kwako mapema akuambie, "Mama, naumwa."