Toleo Jipya la Programu: Tusikimbilie



Kikundi cha hapa Kawangware 56 kikiwa na tovuti, kuna programu inayozipanga kurasa zake. Mojawapo ni Joomla. Jina hilo ni neno letu, "jumla", yaani wote pamoja. Lilichaguliwa mwaka 2005, waliokuwa wakiiandika programu iitwayo Mambo walipojitenga. Haiuzwi, na yeyote aweza kuirekebisha.

Je, toleo jipya huandaliwaje? Kwanza hutoka alfa, la majaribio ya mwanzo, halafu beta. Ikifika beta, hakuna jipya linaloongezwa, ni kutafuta makosa tu. Mtu akileta rekebisho, halipokelewi mpaka watu wawili walijaribu na kuona ni sawa. Ni kama sanduku la chama lenye kufuli tatu: hakuna anayefungua peke yake. Mwisho, baada ya ukaguzi mwingine, hutoka toleo imara.

Basi, toleo la majaribio tusiliweke kwenye tovuti inayotumika. Tunaweza kupoteza majina ya wanachama na picha za miaka mingi. Hata toleo imara likija, tufanye hivi:

1. Tunakili faili zote pamoja na hifadhidata, na nakala ikae kwingine.
2. Tujaribu toleo jipya kwenye nakala kwanza.
3. Likienda sawa, ndipo tuliweke kwenye tovuti yenyewe.

Ukiona kosa, andika ulibonyeza nini na kikatokea nini, uwapelekee waandaaji. Si lazima uwe fundi. Kidole kimoja hakivunji chawa.