Wenzetu Walisikia Nini?

Juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo la darasani, nalo ni maoni ambayo wanafunzi hupeana wao kwa wao baada ya kikundi kuwasilisha kazi yake. Mtindo huu umeenea katika shule na vyuo vyetu. Kikundi hupewa mada, husimama mbele na kuieleza, kisha mwalimu husema, "Haya, toeni maoni." Hapo ndipo mambo huharibika. Mmoja atasema wamejitahidi, wa pili atamuunga mkono wa kwanza, darasa litapiga makofi ya kilo, na kengele italia. Hakuna aliyejifunza kitu.

Mimi nilifundishwa maana ya maoni mjini Mpanda mwaka 2013, nikiwa kidato cha tano. Mkoa wa Katavi ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu umegwe kutoka Rukwa. Kikundi chetu cha watu watano kilipewa mada ya Jiografia: Mto Katuma. Mto huo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwenye maziwa ya Katavi na Chada, na hatimaye maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Wakati wa kiangazi maji hupungua mno, na viboko hujazana katika vidimbwi vya matope vinavyobaki.

Tulikuwa na picha ya viboko hao tuliyoikata kwenye kalenda, tukaibandika ubaoni. Msemaji nilikuwa mimi. Nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba mto unakauka kwa sababu ya wavamizi wa bonde wanaoziba maji kwa ajili ya mpunga, na kwamba dawa yake ni kuwaondoa. Nilipoketi nilijiona waziri.

Mwalimu wetu hakutaka maoni ya mdomo. Alikata karatasi vipande vipande, akamtaka kila mwanafunzi ajibu maswali matatu: Umesikia nini kuwa ndiyo hoja yao kubwa? Ni wapi walipokupoteza? Ungependa kuwauliza nini? Hakuna kutoa maksi wala kuandika jina. Nasi tuliowasilisha tulikatazwa kujibu lolote siku ile, na niseme kweli, hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana mimi ni mtu wa kujibu.

Tulipata karatasi 38. Jioni tulizisoma bwenini. Karibu nusu ya wenzetu waliandika kuwa hoja yetu kubwa ilikuwa viboko. Sisi hatukukusudia viboko, tulikusudia maji! Ile picha ya kalenda ilikuwa imetumeza. Wengine 11 waliuliza Katuma unaanzia wapi, jambo ambalo hatukulisema hata mara moja kwa kuwa sisi wenyewe tulilijua.

Hapa pana siri kubwa ya maoni ya wenzako. Mwalimu anaijua mada tangu zamani. Ukiacha pengo, akili yake hulijaza bila yeye kutambua, naye huona umeeleza vizuri. Mwanafunzi mwenzako hana cha kujazia. Anasikia kile ulichosema, basi. Kwa hiyo swali la kumwuliza si kama kazi ilikuwa nzuri, kwani atakujibu kwa adabu kuwa ilikuwa nzuri. Mwulize alisikia nini.

Karatasi moja ilikuwa ya namna nyingine. Iliandikwa hivi: "Baba yangu analima mpunga Mwamkulu. Naye ni mvamizi? Mlimwuliza?"

Tulikasirika sana. Wawili kati yetu walianza kulinganisha mwandiko ule na madaftari ya darasa zima. Mwalimu alipopata habari aliichukua karatasi, akainakili maneno yaleyale kwa mkono wake, akaturudishia nakala. "Haya, sasa nimeandika mimi. Nijibuni."

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, na humo alikemea tabia ya kupima hoja kwa kumtazama aliyeisema. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo hasa. Tulitaka kumjua mtu kwanza, ndipo tuamue kama swali lake lina maana.

Jumamosi tuliazima baiskeli, tukaenda Mwamkulu. Wakulima walitupokea vizuri, wakatuchekesha pia kwa maswali tuliyouliza. Walitueleza kuwa mpunga wao hutegemea mvua na maji ya masika, wakati mto umejaa. Ugomvi ni matuta yanayowekwa kiangazi, maji yakiwa haba, ili kuyageuzia bustani. Neno letu "wavamizi" lilikuwa limewafagia wote kwa ufagio mmoja.

Nisije nikaonekana nausifia mtindo huu kupita kiasi. Karatasi isiyo na jina ni kichaka pia. Darasani mwetu walikuwamo Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wasukuma, na wajukuu wa waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba. Karatasi mbili zilimdhihaki mwenzetu mmoja kwa matamshi yake. Mwalimu alizichana mbele yetu, akasema aliuliza ni wapi mlipotea, hakuuliza mtu katoka wapi. Na yapo maoni ya kuyaacha tu: mmoja alitushauri tuimbe. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Nyerere alitaka kijana aweze kujifunza kwa wengine, kisha ayakatae au ayageuze yamfae. Kuimba tulikukataa.

Baada ya wiki mbili tuliwasilisha tena. Picha ya viboko tuliibandua, tukachora ramani ya mto kwa chaki, kuanzia juu hadi Rukwa. Neno "wavamizi" tuliliacha, ingawa mwenzetu mmoja hakukubali, akidai wapo wanaolima hadi ukingoni mwa mto. Tulimpa dakika zake naye akaeleza.

Safari hii karatasi nyingi zilitaja maji. Lakini moja iliuliza: kama maji ya Agosti hayamtoshi kila mtu, nani apunguziwe kwanza, mwenye bustani, mwenye ng'ombe, au hifadhi? Tulitazamana. Mwalimu aliichukua karatasi ile, akalipa swali lake kikundi kilichofuata.