Fahamu: Cherehani ipi ya bei nafuu itamudu jinzi na turubai?

Usivutwe na wingi wa mapambo. Kwa kitambaa kizito, kinachohitajika ni mwili wa chuma na mshono ulionyooka.

Kwa mfuko mdogo, cherehani nyeusi ya kukanyaga, kama Singer au Butterfly, bado inafaa: haihitaji umeme, na mafundi wengi wanaijua.

Ukienda kununua iliyotumika, beba kipande cha jinzi. Kikunje mara mbili upate matabaka manne, weka sindano namba 16 au 18, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Mshono ukiruka au kitambaa kikigoma kusogea, mwombe muuzaji airekebishe kwanza. Ikishindikana, iache.

Unashona ngozi nene kila siku? Hiyo ni kazi ya mashine ya kiwandani.